Jina Lililopotea Njiani: Mwongozo Kamili wa Kusaka Hitilafu katika Programu ya Kutafuta Faili

Programu ya kutafuta faili inayokatika ghafla na kuacha ujumbe wa kosa haimsumbui mtengenezaji wake kwa muda mrefu, kwa sababu ujumbe wenyewe humwonyesha pa kuanzia. Inayosumbua ni ile inayomaliza kazi kwa utulivu, ikachapisha majina mia tatu, ikarudisha sifuri kama ishara ya mafanikio, kumbe lipo jina la mia tatu na moja ambalo haikulitaja. Mtumiaji huamini kwamba faili haipo, na kwa imani hiyo anaweza kufuta saraka nzima au kutunza nakala pungufu. Mwongozo huu unahusu hitilafu za aina hiyo. Njia yake ni moja: tunachagua jina moja lililopotea na kulifuata, kuanzia mtumiaji alipoandika amri hadi mahali jina lilipopaswa kuchapishwa, mpaka tuione sehemu ambako liliingia na halikutoka.

Mfano tutakaoutumia ni programu ndogo ya kubuni iitwayo `tafuta`, iliyoandikwa kwa lugha ya C na kuendeshwa kwenye Linux. Hupokea saraka na ruwaza ya jina, yaani kielelezo kama `*.txt`, hupita ndani ya saraka zote zilizomo, na kuchapisha njia ya kila faili inayolingana. Lalamiko lililofika ni hili: kwenye kompyuta nyingi programu hupata kila kitu, lakini kwenye diski moja ya zamani hupata faili zilizo juu tu, na faili ya `ndani/ripoti.txt` haitajwi kamwe.

Hatua ya kwanza: hakikisha amri iliyofika ndiyo iliyoandikwa

Kabla programu haijaanza, sheli, yaani programu inayopokea amri unazoandika, huisoma amri na kuibadilisha. Mtu akiandika `tafuta . *.txt` bila alama za kunukuu, sheli huigeuza nyota kuwa majina ya faili za `.txt` zilizomo katika saraka aliyosimama. Zikiwa faili mbili, programu nyingi zitalalamika kwamba zimepewa hoja (maneno yanayofuata jina la amri) zilizozidi. Ikiwa ni faili moja tu, hakuna atakayelalamika: programu itapokea jina hilo kamili, italitafuta kwa uaminifu, na itaacha nyingine zote. Kosa hili huwapata watumiaji wa `find`, programu ya kawaida ya kutafuta faili katika Linux, pia, na huonekana kabisa kama hitilafu ya programu. Ili kuona kile kinachofika hasa, ichapishe amri yenyewe:

```
printf '<%s>\n' tafuta . *.txt
printf '<%s>\n' tafuta . '*.txt'
```

Ikiwa mistari iliyochapishwa na amri hizi mbili inatofautiana, tatizo liko kwenye sheli. Katika mfano wetu mlalamikaji alinukuu ruwaza yake ipasavyo, kwa hiyo tunasonga mbele.

Hatua ya pili: tenganisha ukimya wa makusudi na ukimya wa hitilafu

Baadhi ya programu za kutafuta huacha faili kwa makusudi. Programu za `fd` na `ripgrep` (amri yake ni `rg`) kwa kawaida haziangalii faili zinazoanza kwa nukta wala zile zilizotajwa katika `.gitignore`, orodha ya faili ambazo Git huambiwa izipuuze. Ukizijaribu kwa `fd -u` au `rg --files -uu`, vizuizi hivyo huondolewa, na `rg --debug` hueleza kanuni iliyosababisha faili iachwe. Programu ya `locate` nayo haisomi diski. Husoma hifadhidata iliyoandaliwa mapema, hivyo faili iliyoundwa baada ya hapo haitaonekana hadi hifadhidata isasishwe.

Hata `find`, ambayo tutaitumia kama shahidi, ina kanuni zinazowashangaza wengi. Sharti la `-size -1M` hupata faili tupu peke yake, kwa kuwa ukubwa hupandishwa kwanza hadi megabaiti kamili, na faili ya baiti moja huhesabiwa kuwa moja kamili. Sharti la `-mtime +1` halimaanishi zaidi ya saa 24, bali angalau siku mbili kamili, kwa sababu sehemu ya siku hutupwa kabla ya kulinganisha. Pia, katika `find . -name a -o -name b -print`, `-print` imefungamana na sharti la pili tu, kwa hiyo faili yenye jina `a` haitachapishwa ingawa imepatikana. Nimeyataja haya kwa sababu shahidi asiyeeleweka vizuri hupotosha uchunguzi wote.

Angalia pia kama mlalamikaji ameongeza `2>/dev/null` mwishoni mwa amri. Kipande hicho kidogo hufuta malalamiko yote ya ruhusa, na saraka iliyofungwa huonekana kama saraka isiyokuwepo. Kiondoe, endesha amri upya, kisha soma msimbo wa kutoka, yaani namba ambayo programu huiacha inapomaliza, kwa `echo $?`. Kwa `grep`, kwa mfano, 0 ni kupata, 1 ni kukosa, na 2 ni kosa. Anayechukulia 1 na 2 kuwa kitu kimoja atachanganya faili isiyo na neno hilo na faili iliyoshindikana kusomeka.

Hatua ya tatu: ita shahidi wa pili

Huwezi kujua jina lipi limepotea kwa kuitazama programu inayolipoteza. Unahitaji orodha iliyotengenezwa na programu nyingine, kisha ulinganishe orodha hizo baiti kwa baiti. Jina la faili katika Linux linaweza kuwa na baiti yoyote isipokuwa mkwaju na baiti ya sifuri, maana yake linaweza kuwa na nafasi, hata kuvunjika mistari miwili. Kwa sababu hiyo orodha zitenganishwe kwa baiti ya sifuri, si kwa mstari mpya:

```
find . -name '*.txt' -print0 | LC_ALL=C sort -z > shahidi
tafuta -0 . '*.txt' | LC_ALL=C sort -z > mshukiwa
LC_ALL=C comm -z -23 shahidi mshukiwa | tr '\0' '\n'
```

Chaguo la `-0` katika `tafuta` nimelichukulia kuwa lipo. Kama programu yako haina chaguo la namna hiyo, liongeze kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu bila hilo kila ulinganisho utakuwa na shaka. Mpangilio wa `LC_ALL=C` hulazimisha upangaji wa baiti tupu. Bila mpangilio huo, kanuni za lugha iliyowekwa kwenye kompyuta (locale) zinaweza kupanga orodha kwa utaratibu mwingine, na `comm` ikatoa tofauti za uongo.

Jina likitokea kwenye orodha zote mbili na bado mtumiaji anadai halionekani, chunguza baiti zake kwa `printf '%s' "$jina" | od -An -tx1`. Herufi `é` inaweza kuhifadhiwa kama `c3 a9`, au kama `e` ikifuatwa na alama ya mkazo, yaani `65 cc 81`. Kwenye kioo zinafanana kabisa, lakini kwa programu inayolinganisha baiti ni majina mawili tofauti.

Hatua ya nne: punguza hadi pasiwe na cha kupunguza

Hapa ndipo uvumilivu unalipa zaidi. Chukua mti wa saraka wenye maelfu ya faili na uukate nusu, kisha uulize: je, jina bado linapotea? Likipotea, endelea na nusu iliyobaki. Lisipopotea, rudisha ulichokata na ukate upande mwingine. Endelea hadi ubaki na faili chache na chaguo chache za amri. Kama programu hutumia nyuzi nyingi, yaani kazi kadhaa zinazoendeshwa sambamba ndani yake, ilazimishe itumie uzi mmoja, jinsi `-j 1` inavyofanya katika `fd` na `rg`. Hitilafu ikitoweka kwa uzi mmoja, au ikionekana mara moja katika mara mia, huenda unashughulika na nyuzi zinazogombania kumbukumbu, na zana yako ni kukompaili upya kwa `-fsanitize=thread`.

Katika mfano wetu hitilafu inatokea kila mara, hata kwa uzi mmoja, na mti umepungua hadi saraka moja yenye faili moja. Lakini mti huohuo ukinakiliwa kwenye diski nyingine, `tafuta` inaipata faili bila shida. Wachunguzi wengi hukata tamaa hapa na kuandika kwamba hitilafu haiwezi kurudiwa. Wanakosea, kwa kuwa kutoweka huko ndiyo dalili kubwa kuliko zote zilizopatikana hadi sasa: majina ni yaleyale, yaliyomo ni yaleyale, ruhusa ni zilezile, na kilichobadilika ni mfumo wa faili tu. Amri ya `findmnt -T .` itakuonyesha ni mfumo upi, na kwa familia ya ext4 `sudo dumpe2fs -h` ikipewa njia ya kifaa itaonyesha sifa zilizowashwa. Diski ya mlalamikaji haina sifa iitwayo `filetype`, inayohifadhi aina ya kila ingizo ndani ya saraka.

Sasa tunaweza kuiunda upya hali hiyo bila kuigusa diski yake:

```
truncate -s 64M diski.img
mkfs.ext4 -q -O ^filetype diski.img
sudo mkdir -p /mnt/jaribio
sudo mount -o loop diski.img /mnt/jaribio
sudo mkdir /mnt/jaribio/ndani
sudo touch /mnt/jaribio/juu.txt /mnt/jaribio/ndani/ripoti.txt
```

Endesha `find` na `tafuta` hapo ukiwa mtumiaji wa kawaida. Shahidi atachapisha faili mbili na kulalamika kwamba hana ruhusa ya kuingia `lost+found`, saraka inayoundwa pamoja na mfumo wa faili. Mshukiwa atachapisha `juu.txt` pekee na hatalalamika lolote. Zingatia ukimya huo wa pili: programu iliyojaribu kufungua `lost+found` ingekataliwa kama `find` ilivyokataliwa. Kutolalamika kwake kunaashiria kwamba haikubisha hodi, kwa hiyo yaelekea tatizo si ulinganishaji wa ruwaza wala uchapishaji, bali uamuzi wa kuingia au kutoingia katika saraka.

Hatua ya tano: sikiliza mazungumzo kati ya programu na kerneli

Programu haiwezi kusoma saraka bila kuiomba kerneli, kiini cha mfumo endeshi, na `strace` huandika kila ombi pamoja na jibu lake:

```
strace -f -v -s 256 -e trace=%file,getdents64 -o athari.txt ./tafuta /mnt/jaribio '*.txt'
```

Chaguo la `-f` hufuata nyuzi na michakato iliyozaliwa, `-s 256` huzuia maandishi marefu kukatwa, na `-v` ndilo la lazima kwetu, kwa sababu bila hilo `getdents64`, ombi la kuorodhesha saraka, huonyeshwa kama idadi ya maingizo tu badala ya maingizo yenyewe. Fungua `athari.txt` na ulitafute jina `ndani`. Utaliona ndani ya jibu la kerneli, likiwa na maelezo haya ubavuni: `d_type=DT_UNKNOWN`. Baada ya hapo utatarajia `openat`, ombi la kufungua, ya saraka hiyo, na hutaipata. Rudia zoezi kwa `find`: yenyewe huuliza aina ya `ndani` kwa `newfstatat`, hupata jibu kwamba ni saraka, kisha huifungua.

Basi jina lilifika kwenye mlango wa programu, na lilipotea baada ya kupokelewa. Eneo la kusaka limepungua kutoka msimbo wote hadi mistari michache inayosoma jibu la `readdir`, kitendakazi cha C kinachotoa ingizo moja moja la saraka.

Inafaa kueleza sababu. Kerneli inapoorodhesha saraka, inaweza kuambatisha aina ya kila ingizo: faili ya kawaida, saraka, kiungo na kadhalika. Taarifa hiyo huokoa muda mwingi, kwani programu haihitaji kuuliza tena habari za kila jina. Lakini si kila mfumo wa faili huihifadhi ndani ya saraka, na usipoihifadhi, kerneli hujibu `DT_UNKNOWN`, yaani aina haijulikani, uliza mwenyewe. Kurasa za mwongozo za Linux zinasema wazi kwamba kila programu ni lazima ishughulikie jibu hilo. Anayeandika na kujaribu programu yake kwenye ext4 ya kawaida au Btrfs anaweza kukaa miaka bila kukutana nalo.

Dhana ya namna hii ina ndugu yake wa zamani. Katika mifumo mingi ya Unix, hesabu ya viungo vya saraka ilikuwa mbili kujumlisha idadi ya saraka ndogo zilizomo, na programu za kutafuta zilitumia hesabu hiyo kujua lini hakuna saraka nyingine ya kuingia. Btrfs huipa kila saraka hesabu ya moja, na dhana ikavunjika. Chaguo la `-noleaf` katika `find` ya GNU lilikuwepo kwa ajili ya mifumo ya faili isiyofuata desturi hiyo.

Hatua ya sita: simama kwenye mstari wenyewe

Kompaili programu kwa `-g -O0` ili majina ya vigezo yabaki, kisha ifungue katika `gdb`, zana ya kuisimamisha programu na kuikagua ndani, na uweke kituo chenye sharti, maana hutaki kusimama kwa kila faili:

```
break tembea.c:48 if $_streq(e->d_name, "ndani")
run /mnt/jaribio '*.txt'
print e->d_type
next
```

Namba ya mstari ni ya mfano. Weka ile inayofuata mwito wa `readdir`. Thamani itakayochapishwa ni 0, ambayo ndiyo `DT_UNKNOWN`, na `next` itakuonyesha utekelezaji ukiruka mwili wa sharti `if (e->d_type == DT_DIR)` na kuangukia tawi la faili. Hapo `ndani` inalinganishwa na `*.txt`, hailingani, na inaachwa pamoja na vyote vilivyomo.

Usirekebishe bado. Andika dhana yako kwa sentensi moja inayoweza kukanushwa: “Saraka hairukwi isipokuwa pale aina yake inapokuja kama haijulikani.” Kisha ijaribu. Anza upya kwa `run`, na ukisimama kwenye kituo, kabla ya `next`, andika `set var e->d_type = 4`, ambayo ni thamani ya `DT_DIR`, na uendelee kwa `continue`. Ikiwa `ripoti.txt` itachapishwa, dhana imesimama. Isipochapishwa, kuna hitilafu nyingine mbele ya hii, na marekebisho ya haraka yangeificha.

Hatua ya saba: tafuta badiliko lililoileta

Kama matoleo ya zamani yalifanya kazi, `git bisect`, amri ya Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo, itakupeleka kwenye badiliko husika. Hugawa historia nusu kwa nusu, hivyo mabadiliko 1,000 huhitaji majaribio kama 10 tu. Weka hati ifuatayo nje ya mradi:

```
#!/bin/sh
make clean && make || exit 125
./tafuta /mnt/jaribio '*.txt' | grep -q 'ripoti\.txt'
```

Msimbo wa 125 huiambia Git iruke toleo lisilokompailika. 0 ni zuri, na 1 hadi 127, ukiondoa 125, ni baya. Ipe hati ruhusa ya kuendeshwa, kisha andika `git bisect start`, taja toleo baya na zuri kwa `git bisect bad` na `git bisect good`, na uiendeshe kwa `git bisect run` ukifuatisha njia ya hati. Ukimaliza, `git bisect reset` itakurudisha ulipokuwa. Soma ujumbe wa badiliko lililopatikana kwa heshima. Kwa kawaida lilikuwa na sababu nzuri, mathalani kuondoa `lstat` (ombi la kuuliza habari za faili) kwa kila jina ili kuongeza kasi, na marekebisho yako hayapaswi kuifuta faida hiyo.

Hatua ya nane: rekebisha, kisha uzibe njia

Uliza aina pale tu isipojulikana:

```
int ni_saraka = (e->d_type == DT_DIR);
if (e->d_type == DT_UNKNOWN) {
    struct stat s;
    if (fstatat(dirfd(d), e->d_name, &s, AT_SYMLINK_NOFOLLOW) == 0)
        ni_saraka = S_ISDIR(s.st_mode);
    else
        ripoti_kosa(njia, e->d_name);
}
```

Bendera ya `AT_SYMLINK_NOFOLLOW` si pambo. Ikikosekana, kiungo kinachoelekeza kwenye saraka kitahesabiwa kuwa saraka, na kiungo kinachorudi kwa mzazi wake kitaizungusha programu katika saraka zilezile tena na tena. Vilevile usimeze kosa la `fstatat` kimya. Faili inaweza kufutwa kati ya kuorodheshwa na kuulizwa, na kosa la `ENOENT` (faili haipo) la namna hiyo linaweza kusamehewa. Makosa mengine yachapishwe kwenye mkondo wa makosa, na msimbo wa kutoka usiwe sifuri. Tulianza na programu iliyonyamaza, na hatutaki kuiachia njia nyingine ya kunyamaza.

Jaribio la kudumu lisitegemee `mount`, kwa kuwa linahitaji haki za msimamizi. Tengeneza maktaba ndogo inayopakiwa kabla ya nyingine kwa `LD_PRELOAD`, yenye `readdir` inayoiita ile halisi kupitia `dlsym` na kisha kuweka `d_type` kuwa `DT_UNKNOWN` kabla ya kurudisha jibu. Kama programu ilikompailiwa kwa faili kubwa, jina la kufunika litakuwa `readdir64`. Funika yote mawili. Endesha jaribio kwanza dhidi ya msimbo wa zamani na uone likishindwa, kwa sababu jaribio ambalo halijawahi kushindwa halijathibitisha kwamba linagusa hitilafu yenyewe. Kisha liendeshe dhidi ya msimbo mpya.

Mwisho, endesha `grep -rn d_type` katika msimbo wote. Dhana iliyokosewa mahali pamoja aghalabu imeandikwa pia mahali pengine na mkono uleule, na katika programu ya kutafuta faili mahali hapo huwa ni sehemu inayoshughulikia chaguo la kuchagua aina, ambalo litaacha kila faili kwenye diski ya namna hii. Likikutwa, nalo lipewe marekebisho yake na jaribio lake, ndipo uandike `sudo umount /mnt/jaribio` na kumjulisha mlalamikaji toleo lipi alijaribu, sifa gani ya diski yake ilifichua kosa, na toleo lipi limelirekebisha.